UZI: Kuongoza kundi la watu 20 hadi 25 bondeni Karura, Nairobi: mpangilio, vituo, na yale yanayoharibu matembezi

#1 NjiaPanda

Wadau, kila mwezi kuna anayeuliza humu namna ya kupeleka kundi Msitu wa Karura: la kanisa, la ofisi, la wanafunzi, au wageni kutoka nje. Majibu huwa vipande vipande, kwa hiyo naweka hapa mfumo mzima. Wenye ujuzi wasahihishe na kuongeza.

Nazungumzia njia ya kawaida: unaingia kwa geti la Limuru Road, unashuka hadi Mto Karura, unaona mapango na maporomoko, unapita kwenye mianzi, unarudi ulikotoka. Msitu una zaidi ya hekta 1,000 ndani ya jiji, na mito kadhaa inaukata: Karura, Ruaka, Gitathuru na Thigiri. Kwa hiyo ardhi yake ni matuta na mabonde, si uwanja.

Jambo la kwanza ambalo kiongozi mgeni halioni: bonde linadanganya. Mlimani mtu huchoka akienda, na akikata tamaa njia ya kurudi ni mteremko. Bondeni ni kinyume. Watu wanashuka wakicheka, wanafika mtoni bado wana nguvu, wanataka kuongeza kipande. Kupanda kunawangoja mwishoni, saa tano mchana, jua liko utosini na chupa ni tupu. Kwa hiyo swali la "mnaendeleaje?" usiliulize mtoni, pale kila mtu atajibu yuko sawa. Amua umbali wa kundi zima kabla hujatoka getini, kwa kumtazama aliye dhaifu kuliko wote.

Hesabu ya muda kwa watu 20: usiweke chini ya saa tatu na nusu. Mtu mmoja mwenye miguu myepesi atamaliza kwa saa mbili, lakini kundi lenye vituo vya maelezo linasonga kilomita 2 kwa saa, kwenye tambarare labda 3. Anzeni saa moja na nusu asubuhi. Ndege wanasikika, kuna baridi kidogo, na mnapanda kurudi kabla joto halijakolea.

Wasaidizi: hadi watu 15 wanatosha wawili, wewe mbele na mmoja nyuma. Kuanzia 16 ongeza wa tatu katikati. Zaidi ya 25 gawa makundi mawili, moja litangulie kwa dakika 20. Piga hesabu uone kwa nini: kwenye kijia chembamba kila mtu anachukua kama mita 2 pamoja na nafasi ya mbele yake. Watu 25 ni mstari wa mita 50. Kona mbili tu na humwoni wa mwisho, wala yeye hakusikii.

Anayefunga mkia ndiye mtu muhimu kuliko wewe unayezungumza. Awe na simu yenye chaji, filimbi, kisanduku cha huduma ya kwanza na namba yako. Hampiti mtu yeyote, hata aliyesimama kufunga kamba ya kiatu. Mtu akiingia kichakani kujisaidia, anaacha begi lake kijiani na mfunga mkia anasimama palepale penye begi.

Makutano ya njia ndani ya Karura yana nguzo zenye namba. Zitumie. Sheria moja ya kutangaza getini: hakuna anayevuka nguzo ya makutano kabla kundi zima halijafika. Anayependa kutangulia atangulie, lakini kwenye namba asimame. Sheria hii peke yake inazuia karibu visa vyote vya watu kupotea.

#2 Mama Ndege

NjiaPanda, umeanza vizuri. Naongeza juu ya kusimama na kueleza, maana hapo ndipo wengi wanaharibu.

Kosa la kawaida: kiongozi anaona mti, anasimama mbele yake, anaanza kusema. Watano wa mbele wanasikia, wengine ishirini wanapiga gumzo huko nyuma, na wale wa mkiani wakifika maelezo yamekwisha, kundi linaondoka. Wanaanza kuuliza, "Alikuwa anasema nini?" Mara tatu hivyo wanaacha kusikiliza kabisa.

Fanya hivi: ukiona mti unaotaka kuuonyesha, upite. Endelea mpaka katikati ya kundi iwe sawa na mti, simama, kisha rudi wewe hadi katikati. Sasa mtu wa mbali yuko mita chache kila upande. Sema kwa kumtazama aliye mbali zaidi. Akikusikia yeye, wote wamesikia. Dakika mbili, tatu zikizidi. Jua liwe usoni mwako, si machoni mwa watu.

Na usichague kituo kwa sababu ya mti tu, chagua kwa sababu ya nafasi. Njia za Karura zina waendesha baiskeli na watu wanaokimbia, na wenye mbwa. Kundi la 25 likijaa njia nzima kwenye kona, baiskeli inatoka ghafla. Kila mnaposimama, upande mmoja wa njia ubaki wazi. Mfunga mkia akiona baiskeli aseme "baiskeli, kushoto!" na neno lipitishwe mbele.

#3 MkaguziWaMiti

Kwa upande wa miti: usijaribu kuonyesha miti thelathini. Watu wanakumbuka minne au mitano. Nawapa yangu, pamoja na kitu cha kushika au kutazama kwa kila mmoja, kwa sababu jina bila kitu cha kushika halikai kichwani.

Mukinduri (Croton megalocarpus). Okota jani chini. Juu ni kijani kizito, chini ni kama limepakwa fedha. Upepo ukivuma mti wote hubadilika rangi, na mkiwa ng'ambo ya bonde mtaitambua mikinduri yote kwa mbali bila kuikaribia. Tunda lake gumu lina mbegu tatu zenye mafuta.

Muthiga (Warburgia ugandensis). Huu ndio unaopendwa na kila kundi. Chukua jani lililoanguka lakini bado bichi, wape wanaotaka kipande cha ukubwa wa ukucha, watafune kwa meno ya mbele. Sekunde tano za mwanzo hakuna kitu, na kila mtu anakutazama kama umemdanganya. Halafu pilipili inaanza kwenye ncha ya ulimi na kupanda hadi puani. Baada ya hapo waonyeshe shina: muthiga mwingi una makovu ya watu kubandua gome kwa dawa ya meno na kifua. Waeleze tofauti: gome likibanduliwa upande mmoja mti huponya jeraha, likizungushwa shina lote, chakula hakishuki tena kwenye mizizi na mti unakufa ukiwa umesimama. Mwenye mimba na watoto wadogo wasionjeshwe, na usimlazimishe mtu.

Muhugu (Brachylaena huillensis). Mbao ngumu, nzito, yenye harufu. Wachongaji wa vinyago wameutumia mno na mbao zake zimetandikwa sakafuni katika nyumba nyingi za zamani, ndiyo maana mikubwa imekuwa adimu. Mizee mara nyingi ina uwazi ndani. Gonga kwa kifundo cha kidole, si kwa jiwe.

Mugumo (aina ya mtini wa msituni). Hapa watu hutarajia hadithi ya Wagikuyu na heshima ya mti, na inafaa, lakini anza na namna unavyoota: ndege anaacha mbegu kwenye panda ya mti mwingine, mizizi inateremka kama kamba, inashikana, inazunguka mwenyeji wake mpaka anafia ndani. Tafuta mmoja ambao bado unaona shina la ndani. Ukiupata, maneno hayahitajiki mengi.

Halafu waonyeshe na miti ya kigeni. Sehemu kubwa ya Karura ilipandwa mikaratusi na miti mingine ya mbao, na kazi ya kuirudishia miti ya asili inaendelea mwaka hadi mwaka. Mkiwa kwenye mikaratusi, waambie wasimame kimya nusu dakika wasikilize ndege. Kisha wafanye hivyohivyo penye msitu wa asili. Tofauti wataisema wenyewe.

#4 Kibuyu

@MkaguziWaMiti mkuu, kuonjesha majani si kuvunja sheria za msitu? Walinzi wanasema msichume chochote.

#5 MkaguziWaMiti

Ndiyo maana nikasema lililoanguka. Usichume jani, usivunje tawi, wala usiruhusu mtu aondoke na mbegu mfukoni. Na ukiwa huna uhakika na mti, usionjeshe. Mgeni anaweza kuchanganya muthiga na mti mwingine, na msituni kuna mimea yenye sumu. Cestrum, kile kichaka chenye maua ya rangi ya chungwa kilichovamia kingo nyingi, ni sumu kwa mifugo na hata kwa mtu. Mvuti (lantana) nao umejaa, na matunda yake mabichi si ya kuliwa. Mtoto akiona wewe umetafuna jani, atatafuna lake la kwanza analolifikia. Kundi likiwa na watoto, kituo cha muthiga kiache kabisa.

#6 DawaMkobani

Nizungumzie viatu, maji na ajali.

Udongo wa Karura ni mwekundu, wa mfinyanzi. Ukikauka ni vumbi juu ya sakafu ngumu; ukilowa unateleza kama sabuni. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, raba zenye nyayo zilizolika ni hatari kwenye mteremko wa kwenda mtoni. Angalia nyayo za kila mtu getini, usione haya. Mwenye ndala au viatu vya kisigino abaki kwenye njia pana za juu na msaidizi wa kati, asishuke.

Kabla ya kushuka simamisha kundi, kila mtu akaze kamba kwenye kifundo. Kiatu kikilegea, kidole gumba kinagonga mbele kila hatua, na baada ya saa moja ukucha unauma kiasi cha mtu kushindwa kupanda. Kushuka ni hatua fupi, magoti yamekunjwa kidogo, mtu asiegemee nyuma. Anayeegemea nyuma ndiye anayeanguka kwa makalio na kujishikiza kwa mkono. Kifundo cha mkono ndicho kinachoumia.

Maji ni lita moja kwa kila mtu, Januari na Februari lita moja na nusu. Yawe kwenye chupa ya kutumika tena. Tangu tarehe 5 Juni 2020 Kenya imepiga marufuku plastiki za kutumika mara moja katika maeneo ya hifadhi, misitu ikiwemo: chupa za maji za dukani, vikombe, sahani, mirija. Tuma ujumbe huu siku mbili kabla, si asubuhi ile, maana mtu akizuiwa getini na chupa yake mnaanza kwa ubishi. Maji ya mto yasinywewe wala kuogewa. Mito hii inapita mitaani kabla ya kufika msituni.

Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Wageni kutoka Mombasa, Dar au Zanzibar waliofika jana watahema mapema kuliko wanavyozoea. Si ugonjwa, ila wapunguzie mwendo kwenye kupanda.

Kisanduku: bandeji mbili za kuvuta, shashi, plasta, glavu, kibano, chumvi za kunywa (ORS) pakiti nne, sabuni ndogo, mkasi. Dawa za watu wenyewe wabebe wenyewe: mwenye pumu aonyeshe inhela yake getini. "Nimeiacha kwa gari" maana yake arudi kuichukua, kundi lingoje.

Mtu akiteguka kifundo: mkalishe, usimvue kiatu kama mko mbali na geti, kwa sababu mguu ukivimba hakirudi. Funga bandeji juu ya kiatu, kwa mtindo wa namba nane. Akiweza kukanyaga hatua nne, atembee taratibu akishikwa. Asipoweza, piga simu kwa ofisi ya msitu au walinzi na useme namba ya nguzo ya makutano mliyopita mwisho. "Tuko karibu na mto" si mahali. Mito ni minne. Namba za dharura za nchi ni 999 na 112.

#7 NjiaPanda

Asante Dawa. Kwenye kupanda naongeza: mtu mzito au mchovu kuliko wote asiachwe nyuma. Muweke wa pili, nyuma yako wewe kiongozi. Huko mkiani anakimbizana na kundi, akifika mnapopumzikia mnaondoka, kwa hiyo yeye peke yake hapumziki. Akiwa wa pili, mwendo wake ndio mwendo wa wote, na hakuna anayejua kwamba ni kwa sababu yake.

#8 Mama Ndege

Siafu! Hamjawataja siafu, na wao ndio wanaovunja matembezi kuliko nyoka.

Baada ya mvua wanavuka njia kwa msururu mweusi-kahawia, upana wa vidole viwili au vitatu, kando wamesimama askari wenye vichwa vikubwa, taya zimeinuliwa. Kiongozi wa mbele anavuka bila kuona kwa sababu anatazama juu kwenye matawi. Wa kumi ndiye anayepata habari.

Ukiwaona: simamisha kundi mita 5 kabla, vukeni mmoja mmoja kwa hatua ndefu, mtu asipige mguu chini kwa kishindo, msisimame upande wa pili mpaka mfikie mita 10. Suruali ndani ya soksi. Mtu akishaumwa, kwanza aondoke pale, ndipo aanze kutoa. Watu husimama juu ya msururu wakikung'uta mguu mmoja huku mwingine unapandwa. Wachomoe mmoja mmoja kwa kibano au kucha karibu na kichwa. Ukivuta mwili unakatika na taya zinabaki zimeng'ata.

Thabai, ule mmea unaowasha ukiugusa, pia imejaa kwenye unyevu karibu na mto. Mikono mirefu inasaidia. Akiguswa asijikune, aoshe kwa maji na sabuni.

Nyoka wapo kama msitu wowote, lakini kundi likitembea kwa kelele za kawaida, wao huwa wameshaondoka. Akiuma: mtu atulie, kiungo kisitumike, vua pete na saa, hospitali. Hakuna kukata, kunyonya wala kufunga kamba.

#9 Kibuyu

Na kima? Wale wa karibu na sehemu za kulia chakula wamezoea watu.

#10 Mama Ndege

Kima hashambulii mtu, anashambulia zipu iliyo wazi. Chakula kiliwe sehemu moja tu, mkiwa mmekaa pamoja, mifuko iko miguuni imefungwa. Akinyakua ndizi, ameipata. Usimkimbize, usimwonyeshe meno ukidhani unatabasamu. Akimng'ata au kumkwaruza mtu, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya kichaa cha mbwa, hata kama kidonda ni kidogo.

Kuna na mbega weusi-weupe, waliohamishiwa Karura kutoka Kipipiri. Wao wanakaa juu, wanakula majani, hawana haja na mkate wako. Tofauti ya haraka kwa wageni: mbega ana mkia mweupe wenye manyoya mengi unaoning'inia.

Ukisikia kima wote wanapiga kelele ya kukatisha kisha wananyamaza, tazama juu. Tai mwenye kishungi huwinda kima wadogo hapa. Hiyo ni bahati, usiipite kwa sababu ratiba inasema "mapango saa tatu".

#11 SalehWaIlala

Wakuu wa Kenya, hongera kwa uzi. Je, mfumo huu unafaa kwa Pugu, huku kwetu Dar? Nina kundi la wanachuo 18.

#12 NjiaPanda

Mfumo wa mstari, mkia na makutano unafaa popote. Kinachobadilika Pugu-Kazimzumbwi ni joto na alama. Pugu iko chini, unyevu wa pwani, kwa hiyo maji panga lita mbili kwa kila mtu na muanze saa kumi na mbili na nusu. Ile ni hifadhi chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), chukua kibali na mwongozaji wao wa pale Kisarawe. Na mapango ya Pugu yalichimbwa na watu kwa ajili ya madini ya kaolini, si mapango ya asili. Ndani kuna popo wengi sana. Dari lake usiliamini kwa kundi.

#13 Kibuyu

Kwa kuwa mapango yametajwa: ya Karura kundi liingie au lisiingie?

#14 MkaguziWaMiti

Lisimame mdomoni. Waingie watano watano, hatua chache, watoke. Sababu ni tatu: sakafu haiko sawa, watu hawana tochi za maana zaidi ya simu, na popo wakisumbuliwa huruka usoni, mtu anarudi nyuma na kumkanyaga mwenzake. Usiguse mavi ya popo. Karura hakuna la kutisha, lakini mazoea ni mazoea: pango la Kitum, Mlima Elgon, lilihusishwa na wagonjwa wa Marburg, homa ya virusi vinavyobebwa na popo, mwaka 1980 na 1987.

Mahali pale pia watu huja kuomba. Mkikuta mtu anasali, kundi linapita kimya na maelezo yanatolewa mbele ya safari.

Na historia iseme kama ilivyo. Simulizi za wenyeji ni kwamba wapiganaji wa Mau Mau walijificha hapa. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na msitu ulio mlangoni mwa Nairobi ulifaa kwa maficho na kupitishia chakula. Hiyo inatosha. Kuna waongozaji wanaotaja idadi ya wapiganaji na majina ya waliolala kila pembe. Ukiwauliza wamepata wapi, kimya.

#15 fundi_ramani

Historia ya Wangari Maathai nayo mnaichanganya huko. Nimeshuhudia maelezo ya kwamba "aliupigania msitu huu akiwa mshindi wa Nobel". Hapana. Msitu ulitangazwa rasmi 1932. Miaka ya 1990 vipande vyake viligawiwa watu binafsi wajenge. Maathai na wenzake walianza upinzani 1998, na tarehe 8 Januari 1999 walipokwenda kupanda mti walivamiwa na watu waliokodiwa, yeye akajeruhiwa kichwani. Nobel ya Amani ilikuja 2004. Yaani alipopigwa hakuwa na ngao hiyo. Ukigeuza mpangilio huo umeua hadithi yenyewe.

Iseme getini, kabla ya kuingia, dakika tatu. Ukiisema mwishoni watu wanatafuta magari yao.

Kuhusu geti: Karura ina mageti kadhaa, upande wa Limuru Road na upande wa Kiambu Road, na umbali wa kuzunguka kwa gari kati yao si mdogo, achilia mbali foleni. Barabara ya Limuru yenyewe inakata msitu, upande wa magharibi ni sehemu ya Sigiria. Kila kundi lina mtu mmoja anayefika geti la upande mwingine saa moja na dakika ishirini na tano na kupiga simu "niko getini siwaoni". Usiandike "tukutane Karura geti kuu". Tuma pini ya ramani, andika jina la barabara, na taja matatu (basi dogo) za kupanda: za Ruaka na Banana zinazopita Limuru Road, si za Kiambu.

Malipo ya kuingia ni kwa simu au mtandao, si pesa taslimu. Viwango vya raia, mkazi na mgeni ni tofauti na hubadilika. Tazama usiku wa kabla. Watu 25 wakilipa mmoja mmoja getini umepoteza nusu saa. Kusanya mapema, mtu mmoja alipe, abebe uthibitisho. Wanaodai kiwango cha raia wawe na vitambulisho.

#16 DawaMkobani

Hapo kwa muda fundi umegusa penyewe. Nusu saa ya getini haipotei getini, inaenda kulipwa kwenye kupanda mkirudi.

#17 Kibuyu

Mvua ikianza mkiwa chini mtoni?

#18 MkaguziWaMiti

Mvua ya juu yenu si tatizo kubwa, ni kulowa. Tatizo ni mvua ya huko yanakotoka maji, nyanda za Kiambu na Limuru, ambayo hamuioni. Tazama mto: maji yakigeuka kahawia na kubeba vijiti na majani, ondoeni kundi ukingoni papo hapo, msingoje yapande. Ngazi za kushukia maporomoko zikilowa zina ukungu wa kijani. Wapande wakishika, uso ukitazama ngazi, na wasizidi wanane kwa mara moja pale chini, kwani nafasi ni ndogo na kila mmoja anarudi nyuma ili picha ienee. Mpiga picha ndiye wa kuchungwa, si anayepigwa.

Upepo ukiwa mkali, toka kwenye mikaratusi. Hudondosha matawi makubwa bila onyo. Radi ikipiga, msijikusanye chini ya mti mmoja mrefu; tawanyikeni kwenye miti mifupi ya kimo sawa, mita chache kati ya mtu na mtu.

#19 SalehWaIlala

Swali la mwisho wakuu. Kundi limechelewa getini dakika 40 na ratiba ilikuwa maporomoko, mapango na mianzi. Nini kinakatwa? Kila mtu amekuja kwa ajili ya maporomoko.

#20 NjiaPanda

Kwanza usikate vituo vya kuhesabu watu, na usikate mapumziko ya kabla ya kupanda. Hivyo ndivyo viongozi wengi hukata, maana havionekani kwenye ratiba.

Kata mianzi, mrudi kwa njia mliyojia badala ya mzunguko. Kisha punguza maelezo ya miti kutoka mitano hadi miwili, muthiga na mugumo. Mapango mpite mdomoni bila kuingia. Maporomoko yabaki, lakini weka saa ya kugeuka na uitangaze getini mbele ya wote: "Saa nne na nusu tunageuka, popote tulipo." Ikifika hamjaona maporomoko, mnageuka. Ukiitangaza mkiwa mtoni itakuwa mjadala wa watu ishirini na tano. Kwa kundi la alasiri weka saa ya kugeuka mapema zaidi, kwa sababu chini ya miti giza huingia kabla ya jua kuzama, na bondeni huingia kabla ya juu.

#21 fundi_ramani

Na mwambie mfunga mkia saa hiyo pia. Yeye ndiye atakayekuwa amesimama na wale wanne wanaotaka picha moja ya mwisho.